Waliozaliwa Tarehe Mosi Januari

Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika tarehe mosi Januari, kwa hiyo anayetafuta wa kumlaumu aanze na mimi. Nasema mapema kwa sababu wapo watu hapa hospitalini wanaolisimulia jambo hili kana kwamba yule mwanamke aliamka asubuhi moja akaamua kuua mtu. Hawamjui. Mimi nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tano. Nimemwona akila chakula cha mchana kwa mkono mmoja huku mwingine ukifunua kitabu, na nimemwona akilia kwa hasira kwa sababu alama ya nukta imekaa mahali pabaya. Acheni niwaeleze ilivyokuwa.

Masjala yetu ni chumba kirefu nyuma ya mapokezi. Mbele kuna dirisha lenye nondo ambapo wagonjwa huchukulia kadi. Nyuma kuna mlango wa chuma unaoingia stoo ya mafaili, rafu kwa rafu mpaka darini, na harufu ya karatasi iliyolala miaka mingi. Alipoletwa kwangu alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, mpole, ana tabia ya kuuliza kila kitu mara mbili. Siku yake ya kwanza akaja bibi mmoja dirishani. Jina akalisema, jina la baba akalisema, la babu pia. Alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa akacheka mpaka tukaona fizi.

Msichana akanigeukia. "Kaka, niandike nini?"

"Mkadirie mwaka," nikamwambia, "kisha weka tarehe mosi Januari. Fomu haipendi nafasi tupu."

"Na mtaa? Anasema anakaa kule bondeni tu."

"Asiyejua mtaa wake mwandikie mtaa wa soko."

Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenitangulia, na ndivyo alivyofundishwa yeye. Nusu ya wazee wa mji huu walizaliwa siku moja. Tulikuwa tukitaniana kwamba siku hiyo wakunga hawakupata hata nafasi ya kunywa chai. Baada ya mwaka mmoja yule msichana hakuuliza tena. Mkono wake ulikuwa unaiandika tarehe ile wenyewe, kama mtu anavyofunga kamba za viatu.

Kompyuta zilipokuja, wengi wetu tulizitolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Yeye alizipenda. Alijifunza kwa kumsumbua fundi aliyezileta, akamkalia kooni mpaka fundi akawa anamkimbia. Akasoma stashahada, akasoma shahada ya kwanza, zote kwa masomo ya jioni na ya Jumamosi, huku anazaa na kulea mabinti wawili. Mume wake ni fundi wa kuchomea vyuma, mtu wa utani mwingi. Kila nikipita karakana yake ananiambia, "Kaka, nina mume mwenzangu nyumbani. Ana skrini, na yeye ndiye anayepikiwa kwanza." Aliposajiliwa shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari, tukampa jina la Profesa. Mwanzoni lilikuwa la kumkejeli. Baadaye likawa jina lake kabisa, hata wagonjwa wakawa wanaliita dirishani.

Masomo ya uzamili yalikuwa ya miaka miwili. Yeye yalimchukua sita. Mwaka mmoja ulikwenda na ugonjwa wa mama mkwe wake aliyemuuguza chumba cha pili mpaka akamzika. Mwaka mwingine ulikwenda na msimamizi wake wa kwanza, aliyehama chuo bila hata kumwambia kwaheri. Chuo kilimwongezea muda mara moja, kikamwongezea mara ya pili, kisha kikamwandikia barua fupi: asipotetea tasnifu yake kabla ya mwisho wa muhula huu, jina lake litafutwa na kila alichosoma kitahesabiwa hakikusomwa. Barua hiyo aliibandika ukutani juu ya meza yake ya kazi. Nilimwambia aitoe, inaleta mkosi. Akasema inamwamsha.

Tasnifu yenyewe ilikuwa juu yetu. Hospitali ilikuwa na tatizo la miaka yote: mtu mmoja ana mafaili matatu. Anakuja leo kapoteza kadi, anaandikishwa upya. Anakuja mwaka ujao, anaandikishwa tena. Daktari anafungua faili jipya halina kitu, wakati ugonjwa wote umeandikwa kwenye la zamani. Profesa akatengeneza programu ya kuyatafuta mafaili hayo pacha na kuyaunganisha yawe moja. Masharti yake yalikuwa manne: majina matatu yafanane, jinsia ifanane, tarehe ya kuzaliwa ifanane, mtaa ufanane. Yakifanana yote, mafaili yanakuwa moja, na pale yanapogombana, habari iliyoandikwa karibuni ndiyo inayobaki. Aliijaribu kwa mafaili ya miaka mitatu ya mwisho. Kati ya mia, tisini na nane yaliunganishwa sawasawa. Msimamizi wake mpya akamwambia hajawahi kuona kazi safi kama ile.

Sasa nyinyi mnaosoma mmeshaona shimo liko wapi. Mgeni yeyote angeliona. Angeingia mlangoni na kuuliza, jamani, mbona watu elfu kadhaa wa mji huu wamezaliwa siku moja? Lakini sisi hatukuwa wageni. Tarehe ile tulikuwa tumeiandika mpaka tukaacha kuiona. Na mafaili ya miaka mitatu ya mwisho yalikuwa ya vijana wenye vyeti vya kuzaliwa, kila mmoja na siku yake. Wazee, walioandikishwa zamani, hawakuwemo kwenye jaribio.

Chuo kilitaka programu ifanye kazi mahali halisi kwa siku tisini mfululizo bila kuzimwa, na kila wiki mkuu wa kitengo atie saini kwamba hakuna hitilafu. Mkuu wa kitengo ni mimi. Mkurugenzi wa hospitali alikubali siku hiyo hiyo, tena kwa furaha, akaongeza na lake: mafaili ya karatasi yasipelekwe tena wodini. Mlango wa chuma ukafungwa. Ufunguo nikabaki nao mimi, nikautia kwenye droo.

Wiki ya kwanza mafaili yalipungua kutoka elfu sitini na moja hadi elfu hamsini na tatu. Mkurugenzi alishuka mwenyewe kutupa mkono wa pongezi. Mimi nilicheka na wenzangu, lakini rohoni kuna kitu hakikukaa vizuri. Watu elfu nane wametoka kwenye daftari la hospitali kwa wiki moja na hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza. Nilimwambia Profesa. Akasema hao si watu, Kaka, ni mafaili ya ziada. Nikatia saini.

Kisha vikaanza visa vidogo vidogo. Mama mmoja aliambiwa na daktari aendelee na dawa za kisukari, akasema hajawahi kuugua kisukari maishani. Tukasema amesahau. Mwingine aliulizwa mguu unaendeleaje, akatazama miguu yake yote miwili. Tukacheka. Siku ya sabini na saba akaja mzee mlinzi wa shule, mtu tunayemfahamu, amefura kwa hasira. Daktari alikuwa amemwambia kwamba maumivu yake ya tumbo hayawezi kuwa kidole tumbo kwa sababu alikwisha kukitoa zamani.

"Nimetoa wapi?" Mzee alipandisha shati lake mbele ya dirisha, foleni yote inamtazama. "Nionyesheni kovu! Nyinyi si ndio mnaojua? Haya, nionyesheni!"

Tumbo lilikuwa laini, halina hata mkwaruzo. Foleni ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilichukua ufunguo, nikaingia stoo kwa mara ya kwanza baada ya wiki kumi na moja, nikatafuta. Nikayakuta mafaili mawili. Majina matatu yale yale. Wanaume wote wawili. Mtaa wa soko wote wawili. Tarehe mosi Januari, mwaka mmoja. Na mwandiko kwenye yote mawili ulikuwa wangu.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Kisha nikatoka, nikayaweka mezani kwake. Aliyatazama. Niliona uso ukimsawijika. Hakuuliza mara mbili, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Alivuta kibodi, akaandika swali moja kwa kompyuta. Jibu lilikuja mara moja: kati ya mafaili yaliyounganishwa, elfu mbili mia nne yalikuwa ya waliozaliwa tarehe mosi Januari.

"Wangapi ni mtu mmoja kweli," nikauliza, "na wangapi ni wawili?"

"Sijui, Kaka. Haiwezi kujua. Ni karatasi tu zinazojua."

"Basi zima."

Alitazama ile barua ukutani. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu. Utetezi ulipangwa siku ya tisini yenyewe, Ijumaa, saa tatu asubuhi. Akizima, siku zinahesabiwa upya, na muhula hauna siku nyingine tisini za kumpa. Miaka sita inakwenda na maji. Aliniambia yote hayo kwa sauti ya chini, mgongo kwa dirisha ili foleni isimwone. Kisha akasema, "Nisaidie."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kupanda ngazi mpaka kwa muuguzi mkuu, mwanamke mkali asiyependa mchezo, nikamwambia kila kitu. Lakini nilimwona yule msichana wa miaka ishirini na miwili, na nilijua ni nani aliyemfundisha. Nikafikiria pia saini zangu kumi na moja kwenye fomu za chuo. Siwezi kujifanya sikuzifikiria.

Mpango wake ulikuwa huu. Kwenye karatasi za zamani, hatari ilikuwa inaandikwa kwa wino mwekundu juu ya jalada: dawa inayomdhuru mgonjwa, damu isiyoganda, moyo mbovu. Kompyuta ilipounganisha watu wawili, ilichukua habari ya karibuni. Kama mwenzake ndiye aliyekuja karibuni na hakuwa na tatizo, basi wino mwekundu wa yule wa kwanza umefutika. Hao ndio wa kuokolewa kwanza. Akatoa orodha: majina mia tatu na kumi na mbili. Kwa kila jina, mtu aingie stoo, atafute mafaili mawili, ayalinganishe, kisha ayatenganishe kwenye kompyuta kwa mkono. Dakika kumi na mbili kila jina, ukiwa mwepesi.

"Tufuate namba za rafu," akasema. "Tukirukaruka tutapoteza muda."

Niliipitia orodha kwa kidole. Namba mia mbili na arobaini na moja nikamkuta Mama Cherehani. Huyo namfahamu. Ni fundi wa nguo aliyekaa kibarazani karibu na stendi miaka thelathini, na suruali niliyovaa siku hiyo aliishona yeye. Zamani, kabla ya kompyuta, alichomwa sindano ya penisilini hapa hapa, akavimba koo, akachungulia kaburi. Mimi ndiye niliyepeleka jalada lake likaandikwa kwa wino mwekundu, na nikamwambia, "Mama, usihangaike tena kukumbuka majina ya dawa. Imeandikwa." Kila akija dirishani ananiita mwanangu, ingawa tumepishana miaka michache tu.

"Huyu tumtoe kwanza?" akauliza Profesa, alipoona kidole changu kimesimama.

"Mwache kwenye zamu yake," nikasema. "Huyu ana mdomo. Atasema mwenyewe."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile. Sikuisema kwa ubaya. Niliona kuna wazee wasiosikia na wasiojua kusoma, na yeye ni mtu wa maneno, mtu wa kubishana na daktari. Lakini niliisema mimi.

Siku zilizofuata tuliishi ndani ya stoo. Mchana wengine wakienda kula, sisi tunafunga mlango wa chuma nyuma yetu. Jioni kazi ikiisha tunabaki mpaka mlinzi aje kutufukuza. Hatukuwasha taa zote, watu wasiulize. Mimi nasoma, yeye anaandika. "Wawili." "Wawili." "Mmoja." "Wawili." Karibu wote walikuwa wawili. Kila niliposema "wawili" aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepigwa kofi na mtu anayemheshimu. Siku ya pili tulimkuta mwanamke aliyebeba mimba, ambaye kompyuta ilimpa kundi la damu la mtu mwingine. Alikuwa wodini tayari, ghorofa moja juu yetu. Profesa alimtenganisha, kisha akatoka nje akatapika kwenye maua.

"Tuwaambie," nikamwambia siku hiyo.

"Baada ya Ijumaa, Kaka. Nakuapia. Nikitoka mle chumbani, simu ya kwanza ni kwa mkurugenzi."

Mume wake alinipigia Jumapili. Hakutania. Aliniuliza kama mkewe anaumwa, kwa sababu hali chakula, na akilala anahesabu. Nikamwambia ni mtihani tu, wanafunzi wote huwa hivyo. Kusema uongo kumbe ni kazi ya mara ya kwanza tu. Baada ya hapo ulimi unajua njia.

Dirishani nilianza kuwaogopa watu. Kila mzee aliyekuja nilimwangalia na kujiuliza, huyu ni yeye au ni wawili? Simu ya wodini ikilia nasita kuipokea. Gari la wagonjwa likipiga king'ora nasimama. Jumatatu hakikutokea kitu. Jumanne hakikutokea kitu. Jumatano tulifika mia moja na tisini, nikaanza kujipa moyo kwamba Mungu ametusitiri. Alhamisi jioni, mlinzi alipogonga mlango, tulikuwa tumemaliza mia mbili na ishirini. Walibaki tisini na wawili.

"Tumetoa zaidi ya nusu," akasema Profesa, akikunja orodha na kuitia kwenye mkoba. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kesho mchana tunarudi nayo."

Ijumaa mumewe alitupeleka chuoni. Profesa alivaa gauni la kijivu, amesuka nywele, amepaka mafuta miguu mpaka inang'aa. Mabinti zake wawili walikuja na sare za shule, wameombewa ruhusa. Mimi nilihitajika kama shahidi wa mahali pa kazi. Chumba kilikuwa kidogo, feni inanguruma, watahini watatu nyuma ya meza moja. Alieleza kazi yake kwa dakika arobaini bila kutazama karatasi, na nasema kweli, nilijivuna. Hakuna aliyekuwa mle ndani aliyeijua kazi ile kama yeye. Alijibu kila swali. Kisha mtahini mzee, mwanamke mwenye miwani mizito, akavua miwani yake.

"Swali la mwisho. Katika siku hizi tisini, mfumo wako umewahi kuunganisha wagonjwa wawili tofauti?"

Feni ilizunguka. Nilimwona binti yake mdogo akiwa amefumbata vidole vyake.

"Hapana," akasema Profesa.

Mtahini akanigeukia. "Na wewe, mkuu wa masjala?"

"Hapana," nikasema.

Tulitolewa nje, tukaitwa ndani, tukaambiwa amefaulu, na kwa alama za juu. Mumewe alimnyanyua juu mbele ya watahini. Mabinti wakapiga makofi. Yeye alicheka, kisha akalia, kisha akanitazama juu ya bega la mumewe, na uso ule sikuwahi kuuona kabla ya hapo. "Twende kazini, Kaka," akasema. "Twende sasa hivi." Tukiwa kwenye gari alimpigia mkurugenzi. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena.

Tulifika saa saba na nusu. Muuguzi mkuu alikuwa amekaa ndani ya masjala, kwenye kiti changu. Mezani mbele yake palikuwa na karatasi moja iliyochapwa.

"Mlikuwa wapi?" akauliza.

Akasema saa mbili asubuhi pikipiki ilimgonga fundi wa nguo wa pale stendi. Alifikishwa hajitambui, mguu umevunjika na kidonda kiko wazi. Walitafuta faili, wakaliona, wakasoma: mzio, hakuna. Kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji wakamchoma sindano ya kuzuia kidonda kuoza. Penisilini. "Alikufa saa nne na dakika kumi," akasema. "Binti yake amekuja. Anasema mama yake tangu zamani anajulikana hapa kwamba hachomwi dawa hiyo. Anasema mtu wa dirishani anajua. Nimekaa hapa kumsubiri mtu wa dirishani."

Saa nne na dakika kumi. Profesa alikuwa anajibu maswali ya sura ya tatu.

Alifungua mkoba, akatoa orodha, akaikunjua mbele ya muuguzi mkuu. Yule mama akaisoma polepole, jina kwa jina, mia mbili na ishirini yamepigwa mstari, mengine hayajapigwa. Kidole chake kikafika mia mbili na arobaini na moja, kikasimama palepale kiliposimama changu.

"Hii orodha mmeitoa lini?"

Nilifungua kinywa niseme ni ya leo asubuhi. Nilikuwa tayari kabisa. Ulimi ulikuwa umeshajua njia.

"Siku kumi na tatu zilizopita," akasema Profesa. "Mimi ndiye niliyemwomba tunyamaze."

Kisha, akiwa bado amesimama, alimpigia msimamizi wake wa chuo. Alizungumza maneno machache tu, na kila mtu mle ndani aliyasikia. "Mwalimu, jibu nililotoa kwa swali la mwisho lilikuwa uongo. Mfumo umeua mtu leo. Ndiyo. Ndiyo, najua maana yake." Akakata simu, akavuta kiti, akazima programu yake. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Muuguzi mkuu hakutugombeza. Ningependa angetugombeza. Alitazama orodha tena, akauliza, "Wamebaki wangapi?"

"Tisini na wawili."

"Kila mmoja ni muda gani?"

"Dakika kumi na mbili."

Alitoka kwenye korido, tukamsikia akiita watu kwa vyeo vyao. Wakaja wauguzi wanne, mfamasia, na fundi wa maabara akiwa bado na glavu mikononi. Nikaufungua mlango wa chuma, ukabaki wazi kabisa, taa zote zikawashwa. Profesa aliwagawia majina, akawaonyesha namna ya kulinganisha, sauti yake kavu lakini haitetemeki. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tulianza saa nane kamili. Kila kona ya stoo ilikuwa na mtu anayesema "wawili", mwingine anajibu "wawili", na mafaili yakawa yanapita mkono hadi mkono. Nilikuwa nikifikiri tutakesha.

Mfamasia ndiye aliyesoma jina la mwisho. Profesa akalitenganisha, akalipiga mstari, akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na robo.

Aliitazama saa ile kwa muda mrefu, midomo yake ikisogea, na nilijua anahesabu. Watu wote hawa, majina yote yale, tangu siku ile ya kwanza tulipokaa mezani na mafaili mawili. Ingekuwa kazi ya siku moja. Tungeanza asubuhi na kumaliza jioni, na yeye angeomba chuo muda mwingine, na pengine wangemnyima.

"Saa mbili na robo, Kaka," akaniambia. "Walihitaji kuambiwa tu."

Wale wauguzi walikusanya mafaili, wakayarudisha kwenye rafu, wakaondoka mmoja mmoja kurudi wodini. Kisha binti ya Mama Cherehani akaja dirishani, akashika nondo, akaniuliza kama mimi ndiye yule mtu ambaye mama yake alikuwa akimwita mwanangu. Nikasimama, nikamfungulia mlango.